Riwaya ya Kiwambo: Kutafuta Istilahi za Kazi ya Studio za Kijapani

Utangulizi

Mwandishi wa makala haya ni mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya sekondari mjini Mpanda, makao makuu ya Mkoa wa Katavi. Siku moja, alipokuwa akisahihisha insha zenye kichwa "Hadithi Iliyonigusa", alikutana na maneno haya: "Nilichagua vibaya nikapata bedi endi, ikabidi nilodi sevu nirudi kwenye ruti ya yule dada mgonjwa." Mwalimu alichukua kalamu nyekundu, akaikata sentensi nzima na kuandika pembeni: "Hiki si Kiswahili." Mwanafunzi alipoitwa ajieleze, aliuliza kwa adabu: "Samahani mwalimu, ningeandikaje?" Swali hilo halikupata jibu siku ile. Insha ilirudishwa ikiwa na alama ndogo, na mwanafunzi yule hakuandika tena juu ya hadithi aliyoipenda.

Makala haya yanakusudia kulijibu swali hilo, ingawa kwa kuchelewa. Yataeleza kwa ufupi aina ya hadithi zinazosomwa katika kompyuta na simu ambazo chimbuko lake ni studio za Japani. Yataangalia jinsi Wajapani wenyewe walivyozipa jina. Kisha yatapendekeza istilahi chache za Kiswahili. Mapendekezo hayo hayajasanifiwa. Yanaletwa mbele ya wafasiri, walimu na watumishi wa Serikali ili yapimwe, yakosolewe na, ikibidi, yatupwe na kuwekewa mengine yaliyo bora.

Jambo lenyewe ni nini?

Hapana budi tulieleze jambo kabla ya kulipa jina, kwani mfasiri anayekimbilia jina kabla ya kulielewa jambo aghalabu hutafsiri maneno na kuiacha maana. Chukua kompyuta au simu. Juu ya kioo chake inaonekana picha ya mahali fulani: darasa, kituo cha reli, au barabara iliyofunikwa na theluji. Mbele ya picha hiyo amesimama mtu wa kuchorwa, ambaye uso wake hubadilika kulingana na hali. Mara hutabasamu, mara hukunja uso. Sehemu ya chini kuna ukanda wenye maandishi, na humo ndimo hadithi inamosimuliwa, sentensi baada ya sentensi. Msomaji akigusa kioo, sentensi inayofuata hutokea. Muziki husikika, na pengine waigizaji hutamka maneno ya wahusika. Mara kwa mara hadithi husimama na kumtaka msomaji aamue: amfuate rafiki yake au abaki nyumbani? Aseme kweli au anyamaze? Uamuzi huo huweza kuigeuza sehemu yote ya hadithi iliyobaki.

Katika kazi za aina hii, kwa kawaida hakuna kukimbia, kuruka wala kupiga risasi. Kazi kubwa ya mtumiaji ni kusoma, na hadithi ndefu humchukua makumi ya saa. Kwa hiyo mwalimu anayemwona kijana ameinamia simu yake, akadhani kwamba anapoteza wakati, yamkini anamwona mtu anayesoma riwaya nene kuliko nyingi zilizomo katika maktaba ya shule. Anachokikosa kijana huyo ni maneno ya kuwaeleza wenzake kile alichokisoma.

Wajapani walivyolipata jina

Historia ya jina huweza kumfundisha mfasiri mengi. Mwaka 1983 Yuji Horii alitunga Portopia Renzoku Satsujin Jiken, hadithi ya upelelezi wa mauaji iliyochapishwa na kampuni ya Enix, ambamo mtumiaji aliiendesha hadithi kwa kutoa amri. Mwaka 1992 kampuni ya Chunsoft, iliyoanzishwa na Koichi Nakamura mwaka 1984, ilitoa Otogirisō. Katika kazi hiyo maandishi yalitandazwa juu ya picha, na hofu ya msomaji ilichochewa na milio. Chunsoft waliita kazi hiyo saundo noberu, yaani riwaya ya sauti, na mwaka 1994 wakatoa nyingine yenye sifa kubwa, Kamaitachi no Yoru. Jina hilo liliandikishwa kuwa alama yao ya biashara.

Mwaka 1996 studio iitwayo Leaf ilitoa Shizuku, kisha Kizuato, chini ya jina la bijuaru noberu. Neno la kwanza katika jina hilo linahusu kuona kwa macho, na la pili ni riwaya. Jina la Leaf ndilo lililoenea duniani hata likawa jina la aina nzima ya kazi hizi. Huko Japani kwenyewe watu wengi husema pia noberu gēmu, yaani mchezo wa riwaya.

Hapa tunapata mafunzo mawili. Kwanza, jina lililoenea lilianza kama jina la mfululizo wa bidhaa za studio moja, likafuata mfano wa jina la Chunsoft, sauti ikipisha macho. Halikuwa fasili iliyotungwa na wataalamu. Mfasiri anayelichukua neno kwa neno anahamishia katika Kiswahili ushindani wa madukani, wala haelezi jambo lenyewe.

Pili, Kijapani na Kiswahili hufanana sana katika kupokea maneno ya kigeni, kwani lugha zote mbili hupenda kuyaongezea irabu mwishoni. Wao husema noberu, gēmu na rūto. Sisi husema benki, reli na baiskeli. Hata hivyo, Wajapani hawakutegemea kukopa peke yake. Kwa riwaya iliyochapishwa wanalo neno shōsetsu, neno la kale lenye asili ya Kichina, ambalo Tsubouchi Shōyō alilipa maana mpya ya kifasihi katika insha yake Shōsetsu Shinzui ya mwaka 1885 na 1886. Nasi tulitenda vivyo hivyo tulipolichukua neno riwaya, ambalo katika Kiarabu linatokana na mzizi wenye maana ya kusimulia na kupokezana habari, tukalipa kazi ya kutaja hadithi ndefu ya nathari. Lugha iliyo hai hukopa inapobidi, na hulipa neno la zamani kazi mpya inapowezekana.

Kazi ya studio: mfano wa Key

Ili tuone ni maneno gani yanayohitajiwa, tuitazame studio moja. Key ni chapa ya kampuni ya Visual Arts ya mjini Osaka. Iliundwa mwaka 1998 na watu waliokwisha kufanya kazi pamoja katika kampuni nyingine. Miongoni mwao walikuwamo mtunzi Jun Maeda, ambaye huandika hadithi na pia hutunga nyimbo, mchoraji Itaru Hinoue, na mtunzi wa muziki Shinji Orito. Walitoa Kanon mwaka 1999, Air mwaka 2000, na Clannad mwaka 2004. Mwaka 2023 Visual Arts ilinunuliwa na kampuni ya Kichina ya Tencent.

Kazi ya studio kama hii hugawanywa. Yuko anayeandika maneno yote ya hadithi. Huyo tunaweza kumwita mtunzi wa mswada. Yuko anayechora wahusika na anayechora mahali. Yuko anayetunga muziki, na yuko anayeandika programu inayoyaunganisha yote. Picha za wahusika huchorwa peke yake ili ziweze kuwekwa mbele ya mahali popote. Wajapani huita picha hiyo tachie, kutokana na maneno yenye maana ya kusimama na picha. Kwa kufuata fikra hiyohiyo, tunapendekeza picha wima. Kwa picha ya mahali, wahakiki wa fasihi wamekwisha kutupa neno mandhari, wala hapana haja ya kutafuta jingine. Tena, kuna picha maalumu ambayo huonyeshwa mara moja tu pale jambo kubwa linapotokea. Hiyo na iitwe picha ya tukio.

Je, studio yenyewe tuiiteje? Neno studio limekwisha kuzoeleka kwa wapiga picha na warekodi muziki, na halimsumbui mtu. Linafaa libaki. Ila mfasiri aangalie tofauti kati ya kampuni na chapa, kwa maana kampuni moja ya Kijapani huweza kuwa na chapa kadhaa, kila moja ikiwa na watunzi wake.

Ziko pia studio zisizoanza kama kampuni. Type-Moon ilianzishwa na mtunzi Kinoko Nasu na mchoraji Takashi Takeuchi kama kikundi cha watu wanaofanya kazi kwa mapenzi yao, kikatoa Tsukihime mwaka 2000. Baadaye kikawa kampuni na kutoa Fate/stay night mwaka 2004. Wajapani huita vikundi hivyo dōjin, yaani watu wa nia moja. Kiswahili kina neno tayari kutoka viwanja vya michezo. Kama tusemavyo ngumi za ridhaa, tunaweza kusema studio ya ridhaa, na kila msomaji wa habari za michezo ataelewa.

Jina la jumla

Sasa tuingie katika shida kubwa, yaani jina la aina nzima. Mapendekezo manne yanajitokeza.

La kwanza ni riwaya ya kuonekana, ambayo ni tafsiri ya neno kwa neno. Jina hili halifai, kwani hata riwaya iliyochapishwa huonekana, nalo humfanya msomaji aulize iko wapi riwaya isiyoonekana.

La pili ni riwaya ya picha. Linapendeza, lakini lina mwenyewe. Watanzania wana mazoea ya muda mrefu na hadithi za picha, kuanzia Film Tanzania lililosimulia hadithi kwa picha za kamera, hadi jarida la Sani na katuni zake. Tukilitumia hapa, tutavuruga istilahi inayohitajiwa na kazi hizo.

La tatu ni riwaya ya mchezo, kwa kufuata noberu gēmu. Kasoro yake ni kwamba neno mchezo katika fasihi yetu humwelekeza msomaji kwenye mchezo wa kuigiza. Mwanafunzi ataichanganya na tamthilia iliyotungwa upya kuwa riwaya.

La nne, ambalo wanafunzi wenyewe walilipenda walipoulizwa darasani, ni riwaya ya njia panda, kwa sababu ya ule uamuzi ambao msomaji hutakiwa kuutoa. Mwandishi wa makala haya naye alilipenda mpaka alipokutana na kizuizi. Mwaka 2004 Key walitoa Planetarian, hadithi ya msichana wa mashine anayewangoja wageni katika jumba la kuonyeshea nyota, nayo haina uamuzi hata mmoja. Msomaji husoma tu tangu mwanzo hadi mwisho. Ikiwa jina la jumla litataja njia panda, kazi kama hiyo itakuwa haina jina.

Kwa hiyo tunapendekeza riwaya ya kiwambo liwe jina la jumla. Kiwambo ni kitu kilichowambwa, kama vile ngozi iwambwavyo juu ya ngoma. Kutoka hapo maana yake imepanuka hata kutaja kitambaa au kioo ambapo picha hutokea. Jina hili linataja mahali riwaya inaposomewa, nalo ni kweli kwa kazi zote za aina hii. Chini yake tutakuwa na riwaya ya njia panda kwa zile zenye uamuzi, na riwaya ya njia moja kwa zile zisizo nao. Jina la saundo noberu, kwa kuwa ni alama ya biashara, libaki kama lilivyo pale linapotajwa kwa habari ya Chunsoft. Majina ya biashara hayatafsiriwi.

Njia, njia panda na hatima

Msafiri wa Mpanda hahitaji kufundishwa maana ya njia kugawanyika. Reli ya kwetu, iliyofunguliwa mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi wa risasi wa Mukwamba, huachana na ile ya Kigoma pale Kaliua. Hadi Kaliua wasafiri wa Kigoma na wa Mpanda wako katika reli moja na wanatazama miombo ileile. Baada ya Kaliua hawaonani tena. Riwaya ya njia panda huenda hivyohivyo. Sehemu ya mwanzo ni ya wote, kisha uamuzi wa msomaji humpeleka huku au kule.

Neno panda lenyewe lina maana ya kitu kilichogawanyika, kama panda ya mti au panda ya manati ambayo kila mtoto anaijua. Hivyo mahali pa uamuzi paitwe njia panda, na kila mfululizo wa matukio unaotoka hapo uitwe njia. Wengine wamependekeza mkondo, lakini walimu wanalijua neno hilo kwa maana ya mgawanyo wa madarasa, na mchanganyiko hautakosekana.

Kuna jambo la hesabu ambalo mfasiri anapaswa kulijua. Hadithi yenye njia panda tatu, kila moja ikiwa na chaguo mbili na zote zikiachana kabisa, huzaa njia nane. Yenye njia panda kumi huzaa 1,024. Hakuna studio inayoweza kuandika hadithi 1,024. Kwa hiyo watunzi huzirudisha njia pamoja baada ya muda mfupi, nayo programu hukumbuka tu kwamba msomaji alichagua nini. Mahali njia zinaporudi pamoja paitwe makutano. Kumbukumbu ile ya chaguo, ambayo Wajapani huiita furagu, ni mtego kwa mfasiri, kwani maana yake ya kawaida ni bendera, na anayeandika bendera atawafanya wasomaji watafute mlingoti. Maana inayotakiwa ni alama, kama ile ambayo mrina asali wa miombo huiacha katika gome la mti ili ajue kwamba amekwisha kupita hapo.

Mfano wa alama hizo umo katika Clannad. Msomaji anayekamilisha njia za wahusika mbalimbali hukusanya mianga midogo; na ni mpaka akusanye ya kutosha ndipo hadithi ya Okazaki Tomoya na Furukawa Nagisa, msichana mwenye afya dhaifu, inapoweza kufikia mwisho wake wa kweli. Maana yake ni kwamba hujaielewa huzuni ya nyumba moja mpaka umepita katika nyumba za majirani. Hilo ni wazo ambalo mzee yeyote wa kwetu angelikubali bila ubishi.

Limebaki neno la mwisho wa njia. Tamati ni mwisho wa maandishi. Msomaji wa riwaya ya njia panda huweza kufikia tamati nyingi. Lakini vijana wanaposema bedi endi hawazungumzii maandishi. Wanazungumzia yaliyompata mhusika. Hiyo ni hatima. Basi tuseme hatima mbaya, hatima njema, na hatima halisi kwa ile inayokamilisha hadithi nzima.

Orodha ya mapendekezo

Riwaya ya kiwambo: hadithi ndefu inayosomwa katika kompyuta au simu, ikisindikizwa na picha na sauti.

Riwaya ya njia panda: riwaya ya kiwambo ambayo msomaji huamua mwelekeo wake.

Riwaya ya njia moja: riwaya ya kiwambo isiyo na uamuzi.

Njia panda: mahali ambapo msomaji hutakiwa kuchagua.

Njia: mfululizo wa matukio unaofuata chaguo fulani, vijana husema ruti.

Makutano: mahali ambapo njia mbili au zaidi hurudi kuwa moja.

Alama: kumbukumbu ya chaguo inayotunzwa na programu, vijana husema flagi.

Kituo: mahali ambapo msomaji hujiwekea ili aweze kurejea; vijana husema sevu. Kitendo chake ni kuweka kituo, na kinyume chake ni kurudi kituoni.

Hatima: yanayompata mhusika mwishoni mwa njia.

Picha wima: picha ya mhusika inayowekwa mbele ya mandhari.

Picha ya tukio: picha maalumu ya jambo kubwa.

Ukanda wa maneno: sehemu ya kiwambo yenye maandishi.

Injini: programu ya msingi inayoendesha maandishi, picha na sauti.

Studio ya ridhaa: kikundi kinachotunga kwa mapenzi bila kuwa kampuni.

Ndugu msomaji atagundua kwamba tumeendelea kumwita mtumiaji msomaji, wala si mchezaji. Tumefanya hivyo kwa makusudi. Jina tunalompa mtu hubadili heshima tunayompa.

Tahadhari kwa mfasiri

Wengi wetu tutazipata kazi hizi kupitia Kiingereza. Clannad, kwa mfano, ilitolewa kwa Kiingereza mwaka 2015. Hapo ndipo penye hatari. Kijapani kina namna nyingi za kutaja mtu kwa kufuata umri, cheo na ukaribu. Mwanafunzi wa darasa la chini hamtaji wa darasa la juu kwa jina tupu. Kiingereza huyapoteza mengi ya hayo, nasi tukitafsiri kutoka humo bila kufikiri tutaandika vijana wanaowaita wakubwa wao kwa majina matupu, jambo ambalo si la Kijapani wala la Kiswahili. Kaka, dada, mzee, mama, bwana na shikamoo ni hazina tuliyonayo, na mara nyingi humrudisha mfasiri karibu na matini ya asili kuliko matini ya Kiingereza aliyoishika mkononi. Ni jambo la kutia moyo kwamba Chuo Kikuu cha Osaka, katika mkoa uleule wa Visual Arts, hufundisha Kiswahili. Siku moja huenda kazi hii ikafanywa moja kwa moja kati ya lugha hizi mbili.

Kadhalika, mwalimu ajue kwamba baadhi ya riwaya za kiwambo zimetungwa kwa ajili ya watu wazima. Kanon na Air zilitolewa kwanza kwa watu wazima, kisha zikatengenezwa upya kwa wasomaji wa rika zote. Clannad ilitolewa kwa wote tangu mwanzo. Kwa hiyo kabla ya kuileta kazi darasani, mwalimu na aisome mwenyewe hadi mwisho wa kila njia.

Mkwaju wa Katabi

Istilahi hupimwa kwa kutumiwa. Katika nchi yetu kuna masimulizi ya Katabi, mwindaji wa kale ambaye mbuga ya taifa iliyoundwa mwaka 1974, na mkoa ulioundwa mwaka 2012, vimechukua jina lake. Husemwa kwamba roho yake hukaa katika mkwaju karibu na Ziwa Katavi, na wapitao huacha sadaka chini ya mti huo. Darasa moja la kidato cha tatu lilipewa kazi ya kutunga kwenye karatasi riwaya fupi ya njia panda juu ya msafiri anayefika kwenye mkwaju ule.

Wanafunzi walichora mandhari mbili: mkwaju, na ziwa lililokauka wakati wa kiangazi. Wakaweka njia panda: msafiri aache sadaka au apite? Wakaandika njia mbili, kisha makutano kwenye ziwa, ambapo mzee mmoja humwuliza msafiri amepita wapi, na jibu la mzee hutegemea alama. Kundi moja likakataa kumpa hatima mbaya yule aliyepita bila sadaka, likisema kwamba msafiri alikuwa mgeni na hakuna aliyemweleza desturi. Ubishi ukazuka darasani, na ubishi wote ukaendeshwa kwa Kiswahili. Hakuna aliyetafuta neno akalikosa.

Kazi ya namna hii haihitaji fedha nyingi. Injini iitwayo Ren'Py, iliyotungwa na Tom Rothamel na kutolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2004, hutolewa bure na huendeshwa na kompyuta ya kawaida. Hata jina lake lina nusu ya neno la Kijapani la mapenzi. Shule yenye kompyuta moja na wanafunzi wenye masimulizi ya Wapimbwe, Wakonongo au Wabende waliyoyapokea kwa babu na bibi zao imekwisha kuwa studio ya ridhaa. Ila yale yaliyo siri za matambiko yaombewe ruhusa kwa wazee wenyewe kwanza.

Hitimisho

Zamani palipendekezwa neno ngamizi kwa mashine ambayo leo karibu sote tunaiita kompyuta. Wasemaji ndio waliotoa hukumu, na hukumu yao haina rufani. Mapendekezo ya makala haya nayo yatapita katika mahakama hiyohiyo. Wasomaji wanaombwa walete maoni yao, hasa juu ya kiwambo na kituo, ambayo huenda yakapata washindani wenye nguvu.

Mwandishi anajua jambo moja kwa hakika. Kalamu nyekundu isiyo na neno mbadala humnyamazisha mwanafunzi, wala haimfundishi. Insha ile ya Mpanda imesahihishwa upya na kurudishwa kwa mwenyewe, na sentensi iliyokatwa imeandikwa pembeni hivi: "Nilipofika njia panda nilichagua vibaya, nikaishia kwenye hatima mbaya, ikabidi nirudi kituoni na kuishika upya njia ya yule dada mgonjwa." Mwanafunzi aliisoma mara mbili, akauliza kama anaweza kuiandika insha nzima tena. Ameruhusiwa.